Anza kabla hujajiamini: namna ya kujenga kujiamini na kujikubali ulivyo

Kazi yangu ni kupiga watu picha. Huja wanaotaka picha ya pasipoti, wanaoomba kazi, maharusi, wazee wanaotaka kuwaachia wajukuu kumbukumbu. Karibu wote, kabla sijagusa kitufe, hutanguliza neno la kujitetea: "Dada, mimi huwa sitoki vizuri." "Usinipige kwa karibu." "Upande huu ni mbaya, nipige wa pili." Hajaona hata picha moja na tayari ameshajihukumu. Nimeyasikia maneno hayo kwa mabinti ambao watu hugeuka kuwatazama, na kwa wakubwa wanaoongoza mamia ya wafanyakazi. Ndiyo maana siamini kwamba kutojiamini kunatokana na sura, elimu au cheo. Ninachokiona ni mazoea ya kujificha, na mazoea yanaweza kuvunjwa.

Nitaeleza namna ya kuyavunja kama ninavyowaelekeza wanaokaa mbele ya kamera yangu, pamoja na yale ambayo wanasaikolojia wameyapima. Utahitaji daftari, kalamu, simu yenye kamera na subira ya miezi kadhaa.

Usingoje ujiamini ndipo uanze

Wengi husema, "Nikishajiamini nitaomba ile kazi," au "Nikishajiamini nitaongea mbele za watu." Wanaisubiri siku ambayo haiji, kwa sababu kujiamini huja nyuma ya kitendo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mahali inapotoka imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza. Alitaja vyanzo vinne: kulifanya jambo lenyewe na kufanikiwa, kumwona mwingine anayefanana nawe akilifanya, kutiwa moyo na watu, na namna unavyoielewa hali ya mwili wako pale moyo unapokwenda mbio na viganja vinapotoa jasho. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Kutiwa moyo kunasaidia, lakini hakufikii ushahidi wa kitu ulichokifanya wewe mwenyewe.

Siku moja alikuja binti aliyehitaji picha ya kuombea kazi. Kila nilipoinua kamera, macho yake yalikimbilia sakafuni na mabega yakapanda karibu na masikio. Nikaiweka kamera mezani, tukazungumza. Baadaye nikaishika mkononi bila kumlenga. Kisha nikamwomba aitazame lenzi nikihesabu mpaka tatu, bila kupiga. Halafu mpaka kumi. Nilipopiga ya kwanza nilimwonyesha palepale, akaiangalia, akasema, "Kumbe mdomo ndio umebana." Akaulegeza mwenyewe. Picha iliyofuata ndiyo aliyoichukua. Sikumwambia hata mara moja kwamba ajiamini. Nilimpa kitu kidogo anachokiweza, kisha kinachofuata, na mwili wake ukaelewa kwamba hakuna kibaya kinachotokea.

Fanya hivyohivyo na hofu yako. Kwanza itaje kwa ufinyu. "Nataka kujiamini" ni pana mno, huwezi kuishika. "Nataka kutoa maoni kwenye kikao cha Jumatatu" inashikika. Andika jambo hilo chini kabisa ya ukurasa, kisha juu yake andika hatua ndogo zinazolifikia, ukianza na ile isiyokutisha karibu kabisa. Kwa mfano wa kikao: fika mapema umsalimie kila anayeingia kwa jina lake, wiki inayofuata uliza swali moja ulilolitayarisha nyumbani, kisha unga mkono hoja ya mwenzako ukiongeza sababu moja ya kwako, kisha toa pendekezo lako mwenyewe, mwishowe omba uongoze ajenda moja. Usipande hatua kwa sababu tarehe imefika. Panda pale hatua uliyopo inapoanza kukuchosha kwa uzoefu. Ikiwa hatua ni ndefu mno na umekwama, ikate katikati uifanye mbili.

Ukikwama kabisa, tumia chanzo cha pili cha Bandura. Mtafute mtu wa kiwango chako, asiwe gwiji. Mwenye haya kama wewe aliyejifunza kuongea atakufaa zaidi kuliko mzungumzaji wa kuzaliwa, kwa sababu ukimwona yeye akiweza, huna kisingizio cha kusema "yule ni mtu wa aina nyingine".

Andika ushahidi, acha kujiimbia sifa

Hapa natofautiana na ushauri unaotolewa kila mahali, ule wa kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia, "Mimi ni mzuri, mimi ni mshindi." Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti uliolipima jambo hili. Watu waliokuwa tayari wanajiona wa thamani walipata nafuu kidogo tu kwa kurudia kwamba wao ni wa kupendeka. Waliokuwa wanajidharau, yaani walioihitaji dawa hiyo hasa, walijisikia vibaya zaidi. Mimi naona sababu iko wazi: ukijiambia neno usiloliamini, sauti ya ndani inakujibu papo hapo kwa kukutajia kila kinachokupinga, na sauti hiyo inashinda.

Daftari lina kazi yake hapa. Kila jioni andika mistari miwili au mitatu ya mambo uliyoyafanya ambayo yalikugharimu ujasiri kidogo. Andika tukio, usiandike sifa. Usiandike "Leo nilikuwa jasiri." Andika "Leo nimempigia yule mteja simu niliyokuwa naiahirisha, nikamweleza kwamba kazi itachelewa, akakubali." Andika "Nimekataa kubeba zamu ya mwenzangu, nikampa sababu moja tu." Sauti ya ndani haiwezi kubishana na tukio lililotokea. Baada ya wiki kadhaa soma kurasa za mwanzo. Utakuta mambo yaliyokuwa mlima kwako sasa unayafanya bila kuyafikiria.

Kioo, picha na sauti yako

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndiko ninakoona watu wakijidhulumu sana.

Sura unayoijua kama yako ni ya kioo, na kioo kinageuza kulia na kushoto. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, kwa hiyo picha inapokuonyesha kama watu wanavyokuona, unahisi kuna kitu kimepinda. Mwaka 1977 watafiti watatu, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha wanawake picha zao za aina mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama ya kioo. Wenyewe walielekea kuipenda ya kioo. Marafiki zao walielekea kuipenda ya kawaida. Kila upande ulipenda uso uliouzoea. Ukiichukia picha yako, mara nyingi unachokichukia ni ugeni wake, na anayekupenda hauoni ugeni huo hata kidogo.

Kuna na suala la umbali. Picha za kujipiga kwa mkono ulionyooshwa zinavuta kilicho karibu na lenzi, na kilicho karibu kuliko vyote ni pua. Mwaka 2018 madaktari nchini Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa takriban sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ile iliyopigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Watu wanakwenda kwa madaktari wa upasuaji wakiwa na kasoro iliyotengenezwa na umbali wa mkono wao. Inaniuma kila ninapolifikiria.

Sauti nayo ina kisa kama hicho. Unapoongea, unaisikia sauti yako kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huipa uzito. Ukiisikia kwenye simu, njia ya mifupa haipo, ndiyo maana inakujia nyembamba na ya kigeni. Wengine wote hawajawahi kuisikia nyingine, na hawaoni ajabu.

Sasa zoezi. Weka simu juu ya rafu au meza, kama mita mbili kutoka ulipo, kwa urefu wa macho yako. Kaa ambapo mwanga wa dirisha unakujia kwa ubavuni. Taa ya juu ya kichwa inatia vivuli chini ya macho na kumzeesha kila mtu. Weka kipima muda cha sekunde kumi. Pumua nje taratibu, na picha ipigwe pumzi ikiwa inaishia, kwa sababu hapo ndipo mabega yanashuka. Piga kadhaa, chagua moja, kisha ieleze kwa maandishi kama unamweleza mtu usiyemjua, bila neno la kusifu wala kukosoa: "Paji pana. Kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Jicho la kulia limefunguka kuliko la kushoto. Shingo ndefu." Ukijikuta umeandika "pua mbaya", futa "mbaya", andika umbo lake. Rudia siku nyingine na picha nyingine. Lengo ni uuzoee uso wako bila hukumu, na mazoea hayo hufanya kazi ambayo kusifiwa hakuwezi kuifanya.

Nina jambo moja la tahadhari. Ikiwa kasoro moja ya mwili inakula saa nyingi za siku yako, unaikagua kwenye kioo tena na tena au unajifungia ndani ili isionekane, ilhali wengine hawaioni au wanaiona ndogo, mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Hali hiyo ni ugonjwa unaojulikana na unatibika kwa tiba ya mazungumzo, na wakati mwingine kwa dawa. Daftari langu halitoshi kwa hilo.

Macho ya watu ni machache kuliko unavyodhani

Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio ambayo ninawasimulia wateja wangu mara kwa mara. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki waliyeona aibu kuonekana naye, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Walipoulizwa, walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo walimtambua aliye kwenye fulana. Waliomtambua walikuwa karibu robo. Kila mmoja chumbani alikuwa ameshughulika na yake.

Ukitaka kulijaribu, vaa kitu unachodhani hakikufai, au nenda na nywele zisizopangwa, kisha jioni waulize watu wawili uliokuwa nao mchana kutwa ulikuwa umevaa nini. Wengi watabahatisha.

Na baada ya mazungumzo na mtu mgeni, usijikalie usiku kucha ukichambua ulichosema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Erica Boothby na wenzake ulionyesha kwamba watu wakishazungumza kwa mara ya kwanza, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Unapohisi umeboronga, kumbuka kwamba mwenzako huenda naye yuko kwake anawaza hivyohivyo.

Kujilinganisha

Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba tunajipima kwa kujilinganisha na wengine hasa pale tunapokosa kipimo kingine cha uhakika. Huwezi kuacha kabisa. Ni tabia ya binadamu. Unachoweza ni kuchagua kipimo. Mimi nikikabidhi picha moja ya bibi harusi, nyuma yake kuna mamia nilizozitupa: amefumba macho, upepo umemziba uso, anacheka mdomo wazi. Hiyo moja nimeirekebisha mwanga, nimeondoa chunusi iliyotoka asubuhi ileile, nimekata kilichokuwa kinaharibu pembeni. Kisha mtu anakaa kitandani na simu yake, anaifananisha na uso wake wa saa kumi na moja alfajiri. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi ni mmoja wa wanaoviunda.

Kwa hiyo pitia unaowafuata kwenye simu. Akaunti ambayo ukiifunga unabaki unajidharau, iondoe, hata kama mwenye nayo ni mtu mwema. Na kipimo chako kiwe kurasa za daftari za miezi iliyopita.

Siku ya kuzidiwa na hofu

Hofu ikikujia kabla ya usaili au hotuba, usijilazimishe kutulia. Kutoka moyo unaokimbia mpaka utulivu ni mbali sana. Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia kwa sauti kuwa wana msisimko waliimba, wakahutubia na wakafanya hesabu vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwili wenye hamu na mwili wenye hofu vinafanana sana; jipe tafsiri ya hamu. "Nina shauku ya kuwaeleza hili" ni sentensi fupi, isemwe mlangoni kabla hujaingia.

Jiite pia kwa jina. Badala ya "Kwa nini mimi ninatetemeka?" uliza, ukitaja jina lako, "Fulani, kinachokutisha hapa ni nini?" Ethan Kross na wenzake walieleza mwaka 2014 kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake anapata umbali kidogo na hofu yake, na anatoa ushauri kama anayemshauri rafiki.

Kuhusu yale mafundisho ya kusimama kifua mbele na mikono kiunoni kwa dakika mbili ili homoni zikubadilikie: yalivuma kuanzia mwaka 2010, lakini jaribio kubwa zaidi la mwaka 2015 halikuona mabadiliko hayo ya homoni. Kaa wima kwa sababu utapumua vizuri na sauti itatoka, inatosha.

Na ukiboronga? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Andika kilichotokea kwa mistari mitatu, andika ungemwambia nini rafiki aliyekupa habari hiyohiyo, kisha jisomee. Huo ndio moyo wa kile Kristin Neff alichokieleza mwaka 2003 kama kujihurumia: kujitendea kwa upole, kutambua kwamba kukosea ni kwa watu wote, na kuutazama uchungu bila kuuficha wala kuukuza. Kesho yake rudi hatua moja nyuma kwenye ukurasa wako wa hatua, uifanye tena.

Maneno ya kuondoa mdomoni

Adabu ibaki. "Samahani, naomba kuuliza" ni heshima kwa anayesikiliza. Lakini "pengine ni swali la kijinga", "mimi sijui lolote ila" na "wazo langu halina maana sana" hazimheshimu yeyote. Zinamfundisha msikilizaji akupuuze kabla hujaongea. Chagua moja unayoisema sana, uiache kwa wiki nzima. Ukisifiwa, sema "asante, nimefurahi," kisha funga mdomo. Kuongeza "aa, hii nguo ya zamani tu" ni kumrudishia mtu zawadi yake.

Fulani mmoja, fundi seremala mwenye kovu la moto shingoni, alikuja na familia yake akajipanga nyuma kabisa, kola imefungwa mpaka juu. Nilimuuliza angependa wanawe wakumbuke nini kwake. Akafikiri, akasema, "Mikono." Nikamketisha mbele, mikono juu ya magoti, viganja vinaonekana, sugu zote. Alipokaa hivyo alilegeza kola mwenyewe kwa sababu ya joto, wala hakulitaja tena lile kovu. Swali lile nalipendekeza kwako pia. Andika mambo mawili unayoyathamini kuliko yote, na chini ya kila moja andika ni lini mara ya mwisho uliyatendea kazi. Ukijibu, utakuwa na kitu cha kusimamia siku ambayo sura, cheo au ujuzi wako unakutia wasiwasi.

Mbele ya watoto

Mama anasema, "Mpige huyu tu, mimi nimenenepa." Binti yake wa miaka saba amesimama pale, anasikia, na mara nyingi ana umbo lilelile na tabasamu lilelile. Atajifunza kujitazama kwa jicho ambalo mama yake anajitazamia. Baba naye husema kichwa chake kikubwa hakifai picha, huku amemshika mtoto mwenye kichwa hichohicho.

Na watu wazima huja kwangu kukarabati picha za wazazi waliofariki. Wengi wana picha moja tu, ndogo, imechanika, kwa sababu mzazi ndiye aliyekuwa akikwepa kila kamera ilipotokea.

Kwa hiyo mpe mtu mwingine simu. Usisimame wima kama askari; keti, mtoto akae karibu mpaka mabega yagusane, na mzungumze jambo lolote wakati inapigwa. Usiombe kuiona palepale. Ihifadhi bila kuifuta kwa mwezi mmoja, kisha iangalie pamoja na mtoto, na umwache yeye aseme kwanza anachokiona.